Herufi Zibaki Herufi Mpaka Mlangoni

Mtu anatengeneza kadi ya mwaliko wa harusi kwenye kompyuta ya nyumbani. Amepakua fonti yenye mikia mirefu, jina la bibi harusi limekaa kama limeandikwa kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka. Anaweka faili kwenye flashi, anakwenda nalo steshenari, mhudumu analifungua, na pale palipokuwa na mikia pamekaa Arial. Jina limekatika katikati, na neno "Karibuni" limeangukia ukurasa wa pili peke yake. Lawama anatupiwa mhudumu, zikimwepuka yeye zinaiangukia flashi, na isipokuwa flashi basi ni virusi. Wote hao hawana kosa. Faili la Word au la CorelDRAW kwa kawaida halibebi fonti. Linabeba jina la fonti. Ni sawa na barua iliyoandikwa juu yake "nisomwe na fulani": fulani asipokuwepo, atasoma yeyote aliyepo. Kompyuta ya steshenari iliitafuta fonti ile, haikuiona, ikachukua ya jirani.

Dawa ambayo wengi wameiokota ni kugeuza kila kitu kuwa picha. Ukishakuwa picha, mkia wa herufi ni rangi juu ya rangi, hauhitaji fonti ya mtu, na utaonekana vilevile Kariakoo, Muscat na Minneapolis. Dawa ni sahihi. Tatizo ni kwamba inanywewa mapema mno, na hunyweshwa hata maneno yasiyougua. Msimamo wa makala hii ni kwamba maandishi yabaki maandishi mpaka dakika kazi inapotoka mkononi mwako, na hata dakika hiyo yageuzwe picha yale tu ya kutazamwa. Yale ya kunakiliwa, kutafutwa au kusahihishwa yaachwe yalivyo. Wavaaji wa kanga wanaijua hasara ya kugeuza mapema kuliko mafundi wengi wa kompyuta. Jina la kanga ni maandishi yaliyogeuzwa picha tangu kiwandani: likishapigwa chapa kwenye kitambaa, herufi iliyokosewa itavaliwa hivyohivyo mpaka kanga ichakae.

Tuanze na fonti yenyewe, maana wengi hukimbilia picha kwa sababu usakinishaji uliwashinda. Fonti ikipakuliwa mara nyingi huja ndani ya faili la zip, na kosa la kwanza hutokea hapo. Mtu anabofya mara mbili, anaiona fonti mle ndani, anaifungua, anatazama herufi zake, anadhani kazi imekwisha. Zip ni mfuko uliofungwa. Yatoe kwanza yaliyomo uyaweke kwenye folda ya kawaida. Kisha tafuta faili linaloishia na .ttf au .otf. La kwanza ni muundo wa TrueType, uliotoka kwa Apple mwaka 1991 na kuingia kwenye Windows 3.1 mwaka uliofuata. La pili ni OpenType, kazi ya pamoja ya Microsoft na Adobe. Kwa mtengeneza kadi tofauti yake ni ndogo, chukua lolote. Ukikuta .woff au .woff2, hizo ni za tovuti, na Word haitazipokea. Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Install. Kwenye Mac faili hufunguliwa na programu ya Font Book, nayo itakuuliza kama isakinishe. Kwenye Linux linatosha kuwekwa ndani ya folda ya .local/share/fonts. Halafu, na hili ndilo linalosahaulika, funga programu unayoandikia na uifungue upya, kwa sababu programu nyingi husoma orodha ya fonti mara moja tu zinapowaka.

Kama bado haionekani, kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya kukata tamaa. Windows 10 na 11 huweza kusakinisha fonti kwa ajili ya mtumiaji mmoja tu, nazo zikakaa kwenye folda yake binafsi ambayo programu kadhaa za zamani haziichunguzi. Hapo rudia usakinishaji kwa kuchagua Install for all users. La pili ni jina. Fonti huorodheshwa kwa jina lililoandikwa ndani yake, na si lazima lifanane na jina la faili. Unaweza kuisaka kwenye herufi K kumbe iko kwenye M. Siku hizi pia kuna fonti zinazobeba unene wote, kuanzia mwembamba mpaka mnene, ndani ya faili moja. Ni ufundi mzuri, lakini programu ya zamani itaona unene mmoja na kuukana uliobaki. Ukizipakua kutoka Google Fonts, mara nyingi ndani ya mfuko kuna folda ndogo iitwayo static yenye kila unene katika faili lake. Sakinisha hizo, uepuke kesi.

Mwenye simu pekee, naye ndiye msomaji wa kawaida wa makala kama hii, ana mlango mwingine. Android haina sehemu moja ya wazi ya kusakinisha fonti itumike na programu zote. Badala yake kila programu hubeba fonti zake, na baadhi, kama PixelLab, hukuruhusu kuingiza faili la .ttf ulilopakua. Mipaka yake ni kwamba fonti hiyo itaishi ndani ya programu hiyo tu. Ukihamia nyingine, unaanza upya. Kwa hiyo mwenye simu anasukumwa kwenye picha mapema kuliko mwenye kompyuta, na anahitaji kuwa mwangalifu zaidi: ahifadhi ile kazi inayoharirika ndani ya programu, asibaki na picha tu kwenye matunzio.

Fonti imeingia. Usiandike bado. Ijaribu kwa mstari ambao umeutunga makusudi kuiaibisha. Watengenezaji wengi wa fonti za bure huchora A mpaka Z, wakachoka hapo. Kiswahili kina bahati ya kutohitaji alama juu ya herufi, ila kina kitu kimoja kidogo kinachoangusha fonti nyingi: kile kikoma cha juu kwenye ng'ombe, ng'ambo na kung'aa. Na kikoma hicho kiko cha aina mbili, kilichonyooka kama msumari na kilichopinda kama koma. Ukiandika ndani ya Word, programu hubadilisha ulichobonyeza kuwa kilichopinda bila kukuuliza. Fonti yako ikiwa na kile cha msumari tu, kilichopinda kitaazimwa kutoka fonti nyingine, na katikati ya jina lililoandikwa kwa madoido patakaa alama ngeni, nene au nyembamba kuliko wenzake. Mtu aitwaye Ng'ang'a ataaibishwa mara mbili katika neno moja. Mwenye jina la Wangũi ana shida kubwa zaidi, kwa sababu ũ ya Kigikuyu haimo kabisa katika fonti nyingi za mapambo, na fundi asiyejali huamua kuiandika u tupu, akambadilishia mtu jina lake kwenye kadi ya harusi yake. Weka basi mstari wa majaribio wa namna hii: Ng'ang'a & Wangũi, Jumamosi 28/12, saa 12:30, TSh 50,000/=. Humo mna kikoma, tilde, mkwaju, nukta mbili, alama ya na, tarakimu, na ile sawasawa ya bei ambayo wachoraji wa ng'ambo hawaijui kazi yake. Fonti ikipita hapo, ina haki ya kukaa kwenye kompyuta yako. Isipopita, itumie kwa majina mawili makubwa ya katikati, mengine yaandike kwa fonti tulivu.

Maandishi ya Kiarabu yana mtihani wake, na familia nyingi za pwani hukutana nao kwenye mstari wa kwanza wa kadi. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kulingana na zilipokaa, mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno, na huandikwa kutoka kulia. Programu isiyopangiwa kazi hiyo hutoa kila herufi imesimama peke yake, tena kwa mpangilio uliogeuka, kuanzia kushoto. Asiyesoma Kiarabu haoni kasoro yoyote. Mzee aliyepokea kadi anaiona kabla hajakaa. Fonti kama Amiri au Scheherazade New ni za bure na zimetengenezwa kwa uangalifu, na ya pili ni ya SIL, shirika linalojishughulisha na lugha zenye mahitaji ambayo fonti za kawaida hazikuyafikiria. Lakini fonti nzuri ndani ya programu isiyojua Kiarabu bado itatoa vipande. Andika kwanza kwenye Word au LibreOffice, mpe ajuaye kusoma athibitishe, ndipo ugeuze mstari huo kuwa mchoro na kuupeleka kwenye kadi. Hapa picha imestahili heshima yake: mstari hautasahihishwa tena, na hatari ya kuvunjika njiani ni kubwa.

Kuhusu leseni kuna wanaosema kwamba kilichopakuliwa bure ni cha bure, na tena nani atamfuata mtu Mbagala kwa ajili ya fonti. Pengine hakuna. Hata hivyo hoja hiyo inatetea kitu kisicho na faida. Fonti zilizoandikwa kwamba ni bure kwa matumizi binafsi mara nyingi ni za kuonja, na kuonja kwake ndiko kunakoondoa tarakimu, alama na vikoma tulivyokuwa tukivililia. Upande mwingine kuna maelfu ya fonti zenye Leseni Huria ya Fonti ya SIL, zikiwemo nyingi sana za Google Fonts, ambazo unaruhusiwa kuzitumia hata kwa kazi ya kulipwa. Huruhusiwi kuiuza fonti peke yake. Na kadi au picha uliyoitengeneza nayo ni yako, leseni haiifuati. Kadi ya binamu ni matumizi binafsi. Kadi uliyolipwa ni biashara, na anayelipwa ana sababu ya kutaka fonti kamili kuliko kutaka ya kuiba. Lisome lile faili dogo la maandishi linalokuja ndani ya mfuko. Ni dakika 2.

Na ukikuta "fonti" inayoishia na .exe, ifute. Fonti halisi haihitaji programu ya kujisakinisha. Hata fonti halisi si mtoto asiye na hatia: Duqu, programu ya kijasusi iliyofichuliwa mwaka 2011, iliingia kwenye kompyuta kupitia kasoro ya Windows katika kusoma fonti za TrueType, ikiwa imefichwa ndani ya hati ya Word. Kasoro hiyo ilizibwa, ila funzo kwa anayekwepa masasisho ya Windows liko wazi. Pakua mahali panapojulikana.

Sasa kugeuza. Watu husema "picha" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo pesa nyingi za uchapaji hupotelea. Kuna picha ya vitone, yaani pikseli, na kuna mchoro wa mistari. Kwenye CorelDRAW amri ya Convert to Curves, kwenye Inkscape Object to Path, hugeuza kila herufi kuwa umbo lililochorwa kwa hesabu. Umbo hilo halina fonti tena, wala halina vitone. Ulikuze kutoka kadi mpaka bango la ukuta wa kanisa, kingo zake zitabaki kali kama wembe. Hii ndiyo ya kumpelekea mchapaji. Lakini nayo ni njia isiyo na kurudi: herufi zikishakuwa maumbo, huwezi kuweka kishale na kubadilisha saa 8 kuwa saa 9. Kwa hiyo hifadhi faili mara mbili kabla ya kubonyeza amri hiyo, moja lenye herufi hai libaki kwako, jingine lenye maumbo liende. Mafundi wanaojuta ni wale waliohifadhi juu ya lilelile.

Picha ya vitone ni ya skrini, na ukubwa wake huamuliwa mwanzoni. Kadi ya A5 ina milimita 148 kwa 210. Ili ichapwe vizuri kwa vitone 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 1748 kwa 2480. Anayetengeneza kwa upana wa 1080 kwa sababu ndio unaotosha kioo cha simu, kisha akaipeleka picha ileile ichapwe, anachapa kwa takriban vitone 185 kwa inchi. Maua hayatalalamika. Mikia myembamba ya herufi ndiyo itakayoonekana imeliwa na panya. Muundo nao una neno lake. JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 na kupunguza yale ambayo jicho haliyakosi kwenye uso au anga. Kwenye herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe jicho huyakosa: kandokando ya kila herufi hubaki vumbi la kijivu. PNG haipotezi kitu, na inakubali usuli uwe wazi ili jina liwekwe juu ya picha nyingine. Maandishi yawe PNG. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati badala ya kama picha, kwa kuwa njia ya picha hubana faili na kulirudisha kwenye vumbi lilelile.

Mpaka hapa naonekana kuipigia picha debe, kwa hiyo nije kwenye kadi ya mchango. Ina salamu, ina majina ya wazazi, ina tarehe, na chini kabisa ina namba ya simu ya kutumia fedha, kwa fonti ileile ya mikia. Kila kitu ni picha moja. Mpokeaji hawezi kubonyeza namba hiyo ikanakilika. Inambidi aisome, aikumbuke nusu, arudi kwenye menyu ya malipo, aandike, arudi tena kutazama. Katika fonti ya madoido 1 na 7 ni ndugu wa tumbo moja. Namba ikikosewa, mchango umekwenda kwa mtu asiyekujua wala kukualika. Atakayenijibu kwamba simu za leo zinasoma maandishi ndani ya picha, nakubali, zinasoma. Lakini zinasoma vizuri fonti nyoofu na kubahatisha zile za mikia, na namba ya fedha si mahali pa kubahatisha. Kamati ingepoteza nini kama picha ingetumwa na chini yake, kwenye nafasi ya maelezo, ikaandikwa namba na jina la mwenye namba kwa herufi za kawaida?

Hoja hiyo inapanuka kuliko harusi. Tangazo la kikao cha wazazi, ratiba ya mazishi, orodha ya dawa za duka, vyote siku hizi hugeuzwa mabango ya rangi. Msomaji asiyeona hutumia programu kama TalkBack au NVDA inayomsomea skrini kwa sauti, nayo inategemea herufi. Miongozo ya kimataifa ya tovuti inayozingatia watu wenye ulemavu inataka maandishi yawe maandishi halisi pale inapowezekana, na sababu yake kubwa ni hiyo. Kuna na bando. Tangazo la herufi 500 lina uzito wa takriban baiti 500. Bango la kilobaiti 200 limelizidi mara 400, na likiingia kwenye kundi la watu 250 gharama hiyo inalipwa na kila mmoja. Miezi mitatu baadaye mtu akitafuta neno "mazishi" ndani ya mazungumzo, tangazo la herufi litaibuka, bango halitaibuka.

Wapo watakaosema PDF inamaliza ugomvi wote huu. Karibu inamaliza. PDF huweza kubeba fonti ndani yake, maandishi hubaki ya kunakilika, na mchapaji huipenda. Hata Word ina chaguo la kupachika fonti ndani ya hati, ingawa fonti nyingine zimefungwa na watengenezaji wake zisipachikwe. Kwa kazi ya kuchapa, PDF ndiyo jibu langu la kwanza. Ila kwa simu, watu hawafungui PDF. Wanatazama kinachojionyesha chenyewe, wanapita. Huo ni ukweli wa matumizi, na mshauri anayeupuuza anaandikia kompyuta tupu. Wengine watasema wampelekee mchapaji fonti yenyewe kwenye flashi. Kwa fonti huria ni sawa kabisa. Kwa ya kununua, leseni nyingi hazikuruhusu kuigawa.

Faida ya kuchelewa kugeuza huonekana zaidi kwenye majina ya waalikwa. Kadi 300, kila moja na jina lake, nyingine "Single" nyingine "Double". Fundi aliyeanza na picha ataandika juu yake mara 300 na kukosea asikojua. Aliyebaki na herufi anaweka majina kwenye jedwali la Excel, safu ya jina na safu ya idadi, analiunganisha na kadi kupitia sehemu ya Mailings ya Word, anapata kurasa 300. Hapo kamati inasoma orodha, si kadi: inagundua kwamba Bwana mmoja ameandikwa peke yake ilhali ana mke, inarekebisha kwenye jedwali, fundi anaunganisha upya, kadi zinatoka sahihi. Ndipo kurasa zinatolewa PDF, na kutoka PDF kila ukurasa unakuwa picha ya kumtumia mwenyewe.

Kabla ya kuzituma zote, itume moja kwa simu ya mtu ambaye hakuhusika kuitengeneza, na umwombe akusomee kwa sauti jina, tarehe, saa na namba. Akikwama popote, rudi kwenye lile faili lenye herufi.